Sura ya Nne: Dakika Saba Zinatosha

Muulize shabiki wa katuni anapenda nini, naye atakutajia mfululizo. Kijana atasema Avatar: The Last Airbender, au Adventure Time, au anime fulani yenye vipindi mia tatu ambavyo amevimaliza vyote na sasa anavirudia. Mtu wa makamo atasema The Simpsons. Na karibu kila aliyekulia kwenye nyumba yenye televisheni, awe wa Mwanza au wa Mombasa, atamalizia na Tom and Jerry. Ushabiki wenyewe hupimwa kwa wingi: misimu mingapi, vipindi vingapi, nani alimjua mhusika fulani tangu alipotokea kwa mara ya kwanza. Filamu fupi ya dakika tano au saba huonekana kitu cha kupoteza muda, cha kutazama wakati chakula hakijaiva. Nadhani tumeupindua mpangilio. Katuni ilizaliwa ikiwa fupi, ikajifunza karibu kila inachokijua ikiwa fupi, na hadi leo mifululizo mikubwa tunayoishabikia inakula akiba iliyowekwa na filamu fupi. Hata hao Tom na Jerry, ukiwatazama vizuri, hawakuwa mfululizo hata kidogo.

Tuanze na hesabu, maana katuni ni sanaa inayotawaliwa na hesabu kuliko sanaa nyingine yoyote ya picha. Sinema hupita machoni kwa fremu 24 kila sekunde. Filamu ya dakika saba ina fremu 10,080. Mchoraji akiamua kila mchoro ukae fremu mbili, kama ilivyo desturi ya kazi hii, bado mhusika asiyetulia atamdai michoro 5,040, na mandhari ya nyuma haijaguswa. Sasa linganisha na sinema ya watu halisi. Mwongozaji akisimamisha kamera ufukweni Bagamoyo, upepo utatikisa minazi bila kulipwa, mawimbi yatakuja yenyewe, na mwigizaji atapepesa macho hata kama hakuna aliyemwambia. Kwenye katuni hakuna upepo wa bure. Unywele ukitikisika, yupo mtu aliyekaa mezani akauchora ukitikisika. Mfaransa Émile Cohl alipotengeneza Fantasmagorie mwaka 1908, michoro yake ipatayo 700 ilimpa filamu isiyofika hata dakika mbili. Humo mstari mweupe juu ya weusi unakuwa mtu, chupa inageuka ua, ua linageuka tembo, na mambo yanaendelea hivyo bila hadithi yoyote ya maana wala haja ya kuwa nayo. Ugumu wa kazi ndio uliolazimisha ufupi, na ufupi ukalazimisha kila mchoro uwe na sababu ya kuwepo. Sharti hilo la pili ndilo ninalolitetea.

Chukua The Cat Concerto, iliyotoka mwaka 1947 katika studio ya MGM chini ya uongozaji wa William Hanna na Joseph Barbera. Tom anaingia jukwaani katika koti la mikia, anainamia hadhira, anaketi na kuanza kupiga Hungarian Rhapsody namba 2 ya Franz Liszt. Jerry amelala ndani ya piano, palepale penye nyundo zinazogonga nyuzi, na noti zinamrusha juu na chini mpaka usingizi unamruka. Kuanzia hapo ugomvi una sheria moja: muziki haukatiki. Paka hawezi kuinuka kumkimbiza panya kwa kuwa watu wanamtazama, na panya hana silaha isipokuwa onyesho lenyewe. Jerry anakibamiza kifuniko juu ya vidole vya mpigaji. Anaondoa vibao na kutega mtego wa panya mahali pake, na kidole cha Tom kinanaswa katikati ya wimbo. Uzuri uko katika namna Tom anavyoumia, kwa sababu sura ya mwanamuziki mkubwa ni lazima irudi kabla ya noti inayofuata. Mwishoni yuko hoi, na taa ya jukwaa inamwangukia Jerry aliyetokea na koti lake dogo kupokea makofi ya watu. Hakuna neno lililosemwa, wala hakuna "itaendelea". Hanna na Barbera walitengeneza filamu 114 za namna hii kwa MGM, zilizotoka kati ya 1940 na 1958, saba zikapata Oscar, na kila moja ilianza upya kabisa: jeraha la jana halipo leo, na hakuna anayehitaji kusimuliwa yaliyopita. Ndiyo sababu mtoto wa Kigoma na wa Chicago hucheka sekunde ileile bila mkalimani.

Kinachofuata ndicho ushahidi ninaouona mzito kuliko wote, kwa kuwa watu ni walewale na mikono ni ileile. Mwaka 1957 MGM ilifunga idara yake ya katuni. Hanna na Barbera wakaanzisha kampuni yao na kuhamia televisheni, ambako walitakiwa kujaza muda wa kila wiki kwa sehemu ndogo sana ya fedha walizozizoea. Wakapata njia: mwili usimame, mdomo na mkono tu vitembee, miguu izunguke ileile, mandhari ya nyuma ipite na kurudi. Itazame The Flintstones, iliyoanza mwaka 1960, Fred anapokimbia ndani ya nyumba yake: dirisha na meza vinapita, kisha dirisha na meza vilevile vinapita tena, kana kwamba nyumba hiyo ina urefu wa uwanja wa ndege. Maneno yalichukua kazi ya michoro, vichekesho vikahamia masikioni. Japani ikapita njia hiyohiyo Osamu Tezuka alipoanza kurusha Tetsuwan Atomu, mvulana roboti anayejulikana kwingine kama Astro Boy, tarehe 1 Januari 1963, kila wiki nusu saa, kwa picha nyingi zilizosimama na michoro iliyohifadhiwa itumike tena. Siwadharau, uchumi huo wa Tezuka ulizaa lugha yake yenyewe, na ukimya wa anime, uso uliotulia huku wingu likisogea, ni urithi wa umaskini ule. Lakini lugha hiyo ilianza kama fidia. Kipindi kirefu hakina budi kuamua kipi kisichorwe. Filamu fupi, ikipata mtu mwenye subira, inaweza kuchora kila kitu.

Na kila mara katuni ilipohitaji kujifunza jambo jipya, ilirudi kwenye ufupi kujifunza. Walt Disney hakuingia kwenye filamu ndefu kichwakichwa. Mfululizo wake wa Silly Symphonies, ambao licha ya kuitwa mfululizo ulikuwa ni filamu fupi zisizohusiana, ndiko rangi kamili ya Technicolor ilikojaribiwa katika Flowers and Trees mwaka 1932. Ndiko pia kamera ya tabaka nyingi, inayopiga michoro iliyopangwa ghorofa kwa ghorofa ili picha ipate kina, ilikojaribiwa katika The Old Mill, Novemba 1937. Mwezi uliofuata Snow White ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza, na kina kile kikawa sehemu ya msitu wake. Miaka karibu 50 baadaye hadithi ilijirudia kwa kompyuta. Luxo Jr. ya John Lasseter, kazi ya Pixar ya mwaka 1986, ina taa mbili za mezani na mpira. Taa ndogo inacheza na mpira, inaurukia mpaka unapasuka, inainamisha kichwa kwa aibu, inaondoka, kisha inarudi ikifukuza mpira mkubwa zaidi mbele ya ile taa kubwa isiyojua icheke au ikasirike. Ni dakika mbili hivi. Filamu ilipoonyeshwa kwa wataalamu wa michoro ya kompyuta huko Dallas, Jim Blinn, bingwa wa fani hiyo, alimfuata Lasseter na swali. Lasseter alijiandaa kujibu habari za vivuli na hesabu zake. Blinn alitaka kujua kama ile taa kubwa ni mama au baba. Toy Story ya mwaka 1995 ilikwisha kuwezekana siku ile.

Mtu atasema hayo ni maabara, na hakuna anayeshabikia maabara, tunashabikia dawa. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama filamu fupi zingekuwa majaribio ya mitambo tu. Lakini The Simpsons wenyewe walianza kama vipande 48 vya dakika moja au mbili ndani ya The Tracey Ullman Show kati ya 1987 na 1989, kabla ya kupewa nusu saa yao Desemba 1989, na katika vipande hivyo familia ilikwisha kupata kelele zake, unafiki wake na mapenzi yake. Adventure Time ilikuwa filamu fupi ya Pendleton Ward iliyorushwa mwaka 2007 na kusambaa kwenye intaneti kabla ya kuwa mfululizo mwaka 2010. Ukiondoa ufupi kwenye historia ya mifululizo hiyo, hubaki na mfululizo.

Pingamizi lililo zito ni jingine, na shabiki wa Avatar ndiye anayelijua vizuri kuliko wote. Kuna mambo ambayo muda pekee ndio unaoyapika. Vipindi 61, kuanzia 2005 hadi 2008, ndivyo vilivyomwezesha mtazamaji kumchukia Zuko, kumhurumia, kumwamini, kusalitiwa naye, kisha kumsamehe. Dakika saba haziwezi kumgeuza adui kuwa ndugu kwa namna unayoiamini. Nakubali bila kusita. Lakini muulize shabiki huyohuyo ni wapi alipolia, na wengi watakutajia kipande kimoja cha msimu wa pili, ndani ya kipindi kiitwacho The Tales of Ba Sing Se. Kipindi hicho si sura ya safari. Ni mkusanyiko wa visa vifupi, kila mhusika na chake. Katika kisa cha Iroh, mzee anatembea mjini siku nzima akiwasaidia watu: anamwimbia mtoto anayelia mpaka ananyamaza, anamrekebisha mkao kijana aliyekuja kumnyang'anya kisha anaketi naye kuzungumza. Jioni anapanda kilima, anatandika kitambaa chini ya mti, anaweka picha ya mwanawe aliyefia vitani, na anauimba kwa kilio wimbo uleule aliomwimbia mtoto wa watu. Watengenezaji walikitoa kisa hicho kwa kumbukumbu ya Mako, aliyempa Iroh sauti yake na aliyefariki mwaka 2006. Ni filamu fupi kamili, yenye mwanzo wake na mwisho wake, iliyofichwa ndani ya mfululizo. Ni kweli machozi yale yana uzito zaidi kwa sababu tulikwisha kusikia habari za mwana huyo. Nami nasema mfululizo ulikusanya huzuni, ila ulihitaji kugeuka filamu fupi ili kuitoa.

Kuna tena mambo ambayo ufupi unayaweza na urefu hauyawezi, na hapa sitafuti suluhu na mtu yeyote. Yuri Norstein alitengeneza Kalunguyeye Ndani ya Ukungu katika studio ya Soyuzmultfilm, Moscow, mwaka 1975. Kanyama kadogo, kamebeba jamu ya kumpelekea rafiki yake dubu ili waketi wahesabu nyota, kanaona farasi mweupe ndani ya ukungu na kushuka kutazama kama farasi akilala atazama humo. Basi. Kwa dakika kumi hivi hakuna adui, hakuna somo, na hatari nyingi hazithibitiki kuwa hatari. Ukungu wenyewe haukuchorwa. Norstein alikata wahusika vipande vipande vya karatasi, vilivyochorwa na mkewe Francheska Yarbusova, akavisogeza kwa mkono juu ya vioo vilivyopangwa kwa tabaka. Kisha akalaza karatasi nyembamba sana juu ya picha na kuiinua polepole, fremu kwa fremu, kuelekea kamera, mpaka dunia yote ikafifia. Huwezi kuiweka kazi ya namna hiyo kwenye ratiba ya kila Jumamosi. Wala hadithi yake haivumilii kipindi cha pili: kalunguyeye akirudi kwenye ukungu wiki ijayo, tutaanza kumuuliza anatafuta nini, atapewa mwenzake wa kuongea naye, na baada ya msimu mmoja ukungu utakuwa na maelezo.

Pingamizi la mwisho ni la fedha, nalo ni la kweli kuliko yote. Zamani filamu fupi ilitangulia filamu kubwa ukumbini na kulipiwa humohumo. Mfumo huo ulipokufa, nayo ikabaki yatima. Nani atailipia? Jibu la kihistoria ni kwamba wamelipa serikali, vyuo, matangazo ya biashara, na mara nyingi msanii mwenyewe. Moustapha Alassane wa Niger, mmoja wa waasisi wa katuni barani Afrika, alitengeneza Bon Voyage Sim mwaka 1966 kwa nyenzo chache mno: dakika tano hivi za rais wa nchi ya vyura anayeondoka kwa mbwembwe na gwaride kumtembelea rais jirani, kisha anarudi nyumbani akute watu wamekwisha kumpindua. Februari ya mwaka huohuo Kwame Nkrumah alipinduliwa akiwa safarini Asia. Januari 1971 Milton Obote alipinduliwa akiwa Singapore. Sijui mfululizo wowote wa siasa uliomaliza mada hiyo kwa usafi kuliko wale vyura. Umaskini wa michoro ya Alassane unaonekana, hauombi radhi, na hauipunguzii filamu chochote, kwa sababu dakika tano hazitoi muda wa kuchoka nao. Mfululizo maskini hujirudia; filamu fupi maskini hubana matumizi ikaisha kwa heshima.

Katuni za kwetu zimethibitisha hivyohivyo, pengine bila kukusudia. Tinga Tinga Tales, iliyochorwa Nairobi kwa mtindo wa uchoraji ulioanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga na kuanza kurushwa mwaka 2010, inaitwa mfululizo, lakini kila kipindi ni ngano moja ya dakika 11 inayojitosheleza: mnyama mmoja, swali moja la kwa nini yuko hivyo alivyo, na jibu. Ubongo Kids, iliyoanza mwaka 2014 Dar es Salaam, hufundisha hesabu na sayansi kwa hadithi na nyimbo, na kinachobaki midomoni mwa watoto ni wimbo. Ng'endo Mukii wa Kenya alijulikana kwa Yellow Fever ya mwaka 2012, filamu isiyofika dakika kumi kuhusu wanawake, mkorogo na tamaa ya ngozi nyeupe inayoanzia utotoni. Raymond Malinga wa Uganda alianza na A Kalabanda Ate My Homework mwaka 2017, juu ya mwanafunzi anayelisingizia zimwi la hadithi za shule za Uganda kwamba limekula kazi yake ya nyumbani. Mwaka 2023 wote wawili walikuwa miongoni mwa waongozaji wa Kizazi Moto, mkusanyiko wa Disney+ wa filamu fupi kumi kutoka nchi sita za Afrika. Mukii alileta Enkai, Malinga akaleta Herderboy, wachungaji wa ng'ombe wa wakati ujao. Hakuna aliyewaomba kwanza misimu mitatu. Filamu zao fupi ndizo zilizokuwa barua zao za maombi ya kazi.

Yapo malalamiko kwamba filamu za Kizazi Moto huisha pale mtu anapoanza kunogewa, na kwa mbili tatu nakubali: zimebeba dunia nzima kwenye kikapu kidogo, zikatumia nusu ya muda kueleza sheria zake. Hilo ni kosa la kutoamini ufupi. Enkai haina kosa hilo. Inamwacha mtoto wa kimungu na mama yake wafanye kazi yao ya kuumba, na mtazamaji aelewe kadiri anavyoweza.

Tatizo tulilo nalo ni mahali pa kuziona. Nyingi hupita kwenye matamasha, zikalala kwenye huduma za kulipia kwa mwezi au kupotea kwenye bahari ya YouTube, ilhali vituo vyetu vya televisheni vina nafasi iliyo wazi kila siku na haina gharama kubwa: dakika chache kabla ya taarifa ya habari, saa moja jioni Kenya, saa mbili usiku Tanzania, wakati nyumba nzima imekwisha kukaa mbele ya skrini ikisubiri. Hapo sasa huwekwa matangazo ya sabuni na ya kampuni za simu. Mara moja kwa wiki pawekwe filamu fupi ya katuni, ya Malinga, ya Mukii, ya Alassane, au ya kijana wa Dodoma aliyeimaliza juzi, na jina la aliyeichora lisomwe kwa sauti kabla haijaanza.